Mary Anning: Binti wa Seremala na Majoka ya Bahari

 

Kila anayeingia chumba cha chama chetu siku hizi huniuliza swali lile lile: yale madude ukutani ni nini? Moja lina shingo ndefu kama ya twiga na mapezi manne kama makasia. Jingine lina mdomo kama wa pomboo na jicho kubwa kama sahani. Sisi wa Eldoret bahari tunaiona kwenye ramani tu, kwa hivyo siwalaumu wanaodhani hayo ni majini. Basi leo nitawajibu nyote kwa pamoja.

Muhula uliopita tuliruhusiwa kupamba chumba chetu. Wengi walitaka picha za wachezaji wa kandanda. Mimi nikapendekeza michoro ya kale ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Tulichapisha mitatu kwenye saiba mjini, na chini ya kila mchoro nikaandika jina la bwana aliyeutangaza. Baba yangu, ambaye ni fundi seremala mtaani Huruma, akatutengenezea fremu kwa mabaki ya mbao. Alipokuwa akipiga misumari aliyasoma yale majina, kisha akaniuliza ni nani kati yao aliyeichimba hiyo mifupa. Nikamwambia hakuna hata mmoja. Alinyamaza, akaendelea na kazi yake. Mimi usingizi ukanipaa. Aliyeichimba ni Mary Anning.

Mary alizaliwa tarehe 21 Mei 1799 huko Lyme Regis, mji mdogo wa pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, Richard, alikuwa seremala kama wangu. Kando na useremala, alikuwa akienda ufuoni na watoto wake kuokota visukuku ili awauzie wageni. Mwaka 1810 akafariki, akaiachia familia madeni. Mary alikuwa na miaka 11. Mchezo wa ufuoni sasa ukawa ndio unga wa nyumbani.

Mwaka 1811 kakake, Joseph, aligundua fuvu kubwa katika jabali. Mwaka uliofuata Mary akaupata mwili uliobaki. Alikuwa iktiosauri, mnyama mtambaazi wa baharini aliyeishi takribani miaka milioni 200 iliyopita. Waliuza mifupa hiyo kwa pauni 23. Mwaka 1814 daktari mmoja wa London, Everard Home, akachapisha maelezo na michoro yake. Huo ndio mchoro wetu wa kwanza, ule wa jicho kama sahani. Jina la Mary halikutajwa hata mara moja.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi, jamani. Visukuku vizuri vilionekana wakati wa baridi, pale dhoruba zilipobomoa majabali, na ilibidi avichukue kabla mawimbi hayajavizoa. Mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake, Tray, hapo hapo karibu naye. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu.

Shule nayo? Alijifunza kusoma katika shule ya Jumapili kanisani, basi. Mengine alijifundisha. Aliazima makala za wanasayansi akazinakili kwa mkono, pamoja na michoro yake. Hata rafiki yake, Elizabeth Philpot, alikuwa mchoraji. Huyo alichukua wino uliokauka ndani ya visukuku vya wanyama wa jamii ya ngisi, akauchanganya na maji, akachorea fuvu la iktiosauri. Yaani mnyama wa kale alichorwa kwa wino wa zama zake!

Desemba 1823 Mary alipata mifupa kamili ya plesiosauri, yule wa shingo ya twiga. Mwanasayansi mashuhuri wa Ufaransa, Georges Cuvier, alishuku kwamba shingo ile ilikuwa imeungwaungwa. Kama shaka hiyo ingethibitishwa, Mary angeharibikiwa jina na riziki. Wanasayansi wakakutana London, wakachunguza, na Cuvier akakubali kwamba alikosea. Mwaka 1824 William Conybeare akamtangaza mnyama huyo mbele ya Chama cha Jiolojia cha London. Huo ni mchoro wetu wa pili. Mary tena hakutajwa. Kuwa mwanachama pia hangeweza, kwa sababu chama hicho hakikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1919.

Mchoro wa tatu ndio unaonifurahisha zaidi. Mwaka 1830 Henry De la Beche, rafiki yake Mary, alichora bahari ya kale ikiwa imejaa viumbe ambao wengi wao ni Mary aliyewafukua. Nakala zake ziliuzwa, na pesa akapewa Mary, kwani wakati huo alikuwa na dhiki. Kumbe picha ya ukutani iliweza kumlisha mtu!

Mary alifariki tarehe 9 Machi 1847 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 47. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022.

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake umpe. Hapa kwetu pia kulikuwa na Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua mifupa ya yule mvulana wa Turkana mwaka 1984 na kufariki mwaka 2022. Wangapi wetu walimjua kabla ya kusoma hapa?

Nilirudi saiba nikachapisha mchoro wa nne. Ni barua ya Mary mwenyewe ya mwaka 1823, aliyomchora ndani yake yule plesiosauri kwa mkono wake. Kisha nikaongeza jina lake chini ya michoro yote. Na ukigeuza fremu, utaona nimeandika pia jina la fundi aliyezitengeneza. Vitanda na makabati ya baba yamo katika nyumba nyingi mjini humu, lakini hapo ndipo mahali pa kwanza jina lake kuandikwa kwenye kazi yake.

Kwaherini, na karibuni chumbani mtazame.