Robert Koch na Somo la Uvimbe

Miongoni mwa wataalamu waliopata kufanya kazi Dar es Salaam, Robert Koch ni mmoja ambaye maisha yake yamfaa mwalimu wa sayansi. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1843, akasomea udaktari. Mwaka 1876 alithibitisha kuwa kimeta huletwa na bakteria, na mwaka 1882 akatangaza kugundua kijidudu cha kifua kikuu.

Mwaka 1890 alitangaza mjini Berlin dawa iitwayo tuberkulini, iliyotolewa katika vijidudu hivyo hivyo. Alikuwa amejidunga mwenyewe, na baada ya saa chache akashikwa na homa kali, kutetemeka na kutapika. Hata hivyo wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi waliodungwa walipata homa, na sehemu za mwili zenye ugonjwa zikavimba vibaya. Baadhi yao wakafa. Kilichowadhuru hasa kilikuwa ukali wa miili yao wenyewe.

Leo sababu yake inafahamika. Seli nyeupe zina vipokezi vinavyotambua vipande vya vijidudu. Zikivitambua, hutoa ishara za kikemia ambazo huita seli nyingine, hupanua mishipa ya damu na kuleta homa. Ishara hizo zisipozuiwa, huharibu hata viungo vizima. Kwa hiyo mwili una breki zake. Ndani ya seli zimo protini zinazokatiza ishara. Seli nyingine hutoa ishara za kutuliza. Na tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya kotisoli, ambayo hupunguza ukali wa ulinzi. Kinga njema ni ile ijuayo kuanza na kukoma.

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897, mji ukiwa chini ya ukoloni wa Wajerumani, akachunguza malaria na maradhi ya ng'ombe hadi 1898. Kariakoo tuijuayo haikuwapo bado: jina lake latokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1899 na 1900, huko Java na New Guinea, aliona kwamba penye malaria nyingi watoto wadogo ndio waliokuwa na vimelea kwa wingi, na watu wazima kwa nadra. Akatambua kuwa kinga hupatikana kwa kuambukizwa mara kwa mara. Utafiti wa baadaye uliongeza jambo: mtu mzima aliyekulia penye malaria aweza kuwa na vimelea damuni bila homa, kwani mwili wake umejifunza pia kuzuia ukali wake. Mtoto mdogo hajafikia hapo, na ndiyo maana malaria humwelemea upesi.

Kuanzia 1901, madaktari wa Kijerumani Dar es Salaam walifuata njia ya Koch ya kupima damu za wakazi na kugawa kwinini, lakini malaria haikwisha. Mwaka 1905 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Uganda, alitibu ugonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Tuberkulini haikuponya, lakini ilibaki kuwa kipimo: uvimbe mgumu wa ngozi baada ya siku mbili au tatu huonyesha kuwa mwili umewahi kukutana na kijidudu.

Darasani, mwalimu aanze na linalojulikana. Mtoto wa Kariakoo aliyechomwa na kijiti cha tenga la nyanya ajua kuwa kidole huvimba, hupata joto na kuuma. Waulizwe kwanza kwa nini huvimba, kisha kwa nini hunywea. Wengi watajibu swali la kwanza upesi. La pili ndilo litakalowafikirisha. Mwisho waelezwe kwamba homa ya mtoto mdogo haingojewi ipoe yenyewe: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe damu.