Hugh Tracey

Hugh Travers Tracey (Willand, Devon, Uingereza, 29 Januari 1903 – Krugersdorp, Afrika Kusini, 23 Oktoba 1977) alikuwa mtafiti wa muziki wa Afrika aliyerekodi maelfu ya nyimbo katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa bara hilo. Anajulikana pia kwa namna alivyopata sauti safi nje ya studio, katika mazingira yenye kelele, kabla ya kuwepo kwa programu za kompyuta za kusafisha sauti.

Maisha

Tracey alifika Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kulima tumbaku pamoja na kaka yake. Shambani alijifunza Kikaranga, mojawapo ya lahaja za Kishona, pamoja na nyimbo za wafanyakazi wenzake. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 Johannesburg wakarekodiwe na kampuni ya Columbia. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji wa redio mjini Durban, na mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu wanamuziki wa Wachopi wa Msumbiji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipata msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo na kuanza safari ndefu za kurekodi. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM. Alitengeneza pia kalimba za kuuzwa, ambazo zilienea katika nchi nyingi.

Safari za Afrika Mashariki na Kongo

Mwaka 1950 Tracey alisafiri Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Tanganyika alirekodi muziki wa Wagogo, Wahehe, Wanyamwezi, Wahaya na wengineo, pamoja na muziki wa dansi wa mjini Dar es Salaam. Huko Kapkatet, Kenya, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao.

Mwaka 1952, mjini Jadotville (leo Likasi) katika Kongo, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulijulikana sana Afrika Mashariki na Kati.

Namna ya kupunguza kelele

Mitambo ya wakati huo ilikuwa mizito na ilihitaji umeme, hivyo Tracey alisafiri na jenereta. Jenereta yenyewe ilinguruma, na ngurumo hiyo ingeweza kuingia katika rekodi. Kwa hiyo iliwekwa mbali na wapigaji, na umeme ukaletwa kwa waya mrefu.

Tracey hakupenda kuiacha maikrofoni imesimama mahali pamoja. Aliishika mwenyewe na kuisogeza karibu na mwimbaji au chombo kilichokuwa na kazi kubwa wakati huo, kisha akahamia kwa mwingine. Kwa hiyo alipaswa kuuelewa wimbo kabla ya kuanza, ili ajue nani ataingia lini. Sauti ndogo, kama ya zeze au marimba ya mkono, zilisikika bila kufunikwa na ngoma.

Mbinu hiyo inafuata kanuni ya kawaida ya sauti. Mahali pa wazi, umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukipungua kwa nusu, sauti ya msemaji huongezeka kwa takriban desibeli 6, huku kelele za mbali zikibaki karibu vilevile. Fundi anaweza basi kupunguza nguvu ya maikrofoni, na kelele zikapungua pamoja nayo. Kanuni ni ileile kwa mtu anayecheza michezo ya kompyuta leo akiwa na hedifoni yenye maikrofoni. Akiwa Feri au Kariakoo, kati ya honi, injini na sauti za wachuuzi, kuisogeza maikrofoni karibu na pembe ya mdomo na kupunguza nguvu yake husaidia kabla ya programu yoyote kuondoa kelele.

Uhakiki

Usafi wa rekodi zake ulikuwa na gharama. Mara nyingi wapigaji walipangwa mbele ya maikrofoni kwa ajili ya kurekodiwa, si katika sherehe yenyewe. Nyimbo nyingi zilifupishwa hadi dakika 3 hivi ili zitoshe upande mmoja wa santuri, ingawa ngoma ileile ingeweza kuchezwa usiku kucha. Msikilizaji husikia wimbo vizuri, lakini husikia kidogo tu juu ya shughuli ulikotoka.

Watafiti wa baadaye walimkosoa pia kwa kuthamini zaidi muziki aliouona wa asili kuliko ule wa mijini, na kwa kufanya kazi chini ya mfumo wa kikoloni. Suala la haki na malipo ya wanamuziki waliorekodiwa limeendelea kujadiliwa.

Urithi

Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri zaidi ya 200. Baada ya kifo chake mwanawe Andrew Tracey aliongoza ILAM, ambayo mwaka 1978 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown (leo Makhanda). Katika miaka ya 2010 ILAM na washirika wake nchini Kenya walianza kurudisha nakala za rekodi za mwaka 1950 kwa jamii zilikotoka, ambapo baadhi ya wazee walisikia tena sauti za ndugu zao.