Mark Twain: Mhusika si yale ayasemayo juu ya nafsi yake

Mwanafunzi akitakiwa kumchambua mhusika, aghalabu huanza kuorodhesha sifa kama mtu anayehesabu mbuzi zizini: ni mwaminifu, ni mwoga, ni mshirikina, ana utu. Chini ya kila sifa huweka mfano mmoja, kisha akatua kalamu. Miongozo inayouzwa madukani ndiyo iliyomzoeza hivyo, nasi walimu, tuseme kweli, hatujaipinga vya kutosha. Kwa mtindo huo Huck, kijana anayesimulia riwaya ya Huckleberry Finn, huwa mwongo na mwizi, na Jim, mtumwa anayetoroka pamoja naye, huwa mshirikina na mtiifu. Ajabu ni kwamba majibu haya yana ushahidi kitabuni. Huck mwenyewe anatuambia mara kwa mara kwamba yeye ni mtu mbaya. Swali ambalo mwongozo hauulizi ni hili: ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kujiona mbaya? Jibu limo katika maisha ya mwandishi wake.

Samuel Langhorne Clemens alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mwaka 1839 wazazi wake walihamia Hannibal, mji mdogo ukingoni mwa mto Mississippi. Missouri ilikuwa jimbo la utumwa tangu ilipoingia katika Muungano mwaka 1821. Babake, John Marshall Clemens, alikuwa mtu wa sheria aliyepata kumiliki watumwa, na mwaka 1841 alikuwa katika jopo la raia lililowatia hatiani wanaume watatu waliojaribu kuwatorosha watumwa. Walihukumiwa kifungo cha miaka 12 kila mmoja. Wahubiri wa mji walifundisha kwamba utumwa una idhini ya Mungu. Clemens alikumbuka uzeeni kwamba, katika siku zake za shule, hakuwahi kumsikia mtu yeyote akiupinga, wala hakujua kwamba palikuwa na neno la kupingwa.

Hata hivyo palikuwa na nyufa katika ukuta huo. Nyumbani kwao aliishi mtoto mtumwa aliyeitwa Sandy, ambaye alikuwa ametolewa Maryland, mbali na jamaa zake wote. Sandy alikuwa akiimba na kupiga kelele kutwa, hata siku moja Samuel akachoka na kumshtakia mamake. Mama alimjibu kwa machozi kwamba mtoto yule hatamwona mamake tena. Akiimba ni dalili kwamba amesahau kidogo, na akinyamaza ndipo pa kuogopa. Clemens aliisimulia habari hii zaidi ya miaka 50 baadaye. Mama huyo, ikumbukwe, hakuwa mpinzani wa utumwa. Kinywa chake kiliukubali utaratibu wa mji na moyo wake ukamwonea mtoto huruma, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Fauka ya hayo, kila mwaka Samuel alikaa miezi kadhaa katika shamba la mjombake, John Quarles, ambako mtumwa wa makamo aliyeitwa Daniel aliwasimulia watoto hadithi usiku. Daniel ndiye aliyekuwa kiolezo cha Jim. Huck naye alichongwa kutokana na Tom Blankenship, mwana wa mlevi wa Hannibal, ambaye watoto wa watu wenye heshima walikatazwa kucheza naye. Na mwaka 1847 Bence, kaka yake Tom, alimlisha kwa siri mtumwa mtoro aliyejificha katika kisiwa cha mtoni, ilhali kulikuwa na zawadi ya fedha kwa atakayemtoa. Bence alikuwa maskini hohehahe, na hakumtoa.

Mwaka huohuo wa 1847 babake alifariki, na punde si punde Samuel akaacha shule na kujifunza kazi ya kupanga herufi katika nyumba za kuchapisha magazeti. Mwaka 1859 alipata leseni ya kuwa rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo kabla halijatekwa na ndege: mwelekezaji wa meli za mvuke mtoni. Furaha hiyo ilikuwa na doa. Ndugu yake mdogo, Henry, aliyempatia kazi melini, alikuwa amekufa mwaka 1858 baada ya meli ya Pennsylvania kulipuka, na Samuel alijilaumu maisha yake yote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 safari za mtoni zilikoma. Alikaa majuma mawili hivi katika kikosi kidogo cha upande wa Kusini, akakiacha na kwenda Nevada, na huko mwaka 1863 akaanza kutia sahihi habari zake za gazeti kwa jina la Mark Twain. Jina hilo ni mwito wa mabaharia wa Mississippi walipopima kina cha maji. Maana yake ni pima mbili, yaani futi 12, kina kilichotosha meli kupita salama. Msomaji wa pwani yetu halihitaji kamusi.

Mwaka 1870 alimwoa Olivia Langdon wa Elmira, New York. Ndoa hii ilimtia katika jamaa ambayo ilikuwa imewasaidia watumwa kutoroka, na iliyokuwa na urafiki na Frederick Douglass. Kwa mwanaisimu, jambo kubwa zaidi lilitokea katika shamba la shemeji zake, ambako mpishi alikuwa Mary Ann Cord, mama aliyezaliwa utumwani. Jioni moja alisimulia jinsi alivyouzwa akatenganishwa na mumewe na watoto wake saba, na jinsi alivyokutana na mwanawe kitinda mimba wakati wa vita. Twain aliiandika habari hiyo kwa usemi wa mama mwenyewe na kuichapisha mwaka 1874 katika jarida la Atlantic Monthly. Kabla ya hapo, lahaja ya watu weusi katika maandishi ya Wamarekani weupe ilikuwa aghalabu chombo cha kuchekesha. Hapa msomaji hapati nafasi ya kucheka. Bila jioni ile, sidhani kwamba Jim tunayemjua angeandikika.

Alianza kuiandika riwaya yenyewe mwaka 1876, akakwama, akaiweka kando, akarudi kuutembelea mto mwaka 1882, na kitabu kikatoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Mwanzoni ametangaza kwamba ametumia lahaja kadhaa, akazitaja, ili msomaji asidhani kwamba wahusika wote walijaribu kusema namna moja na kushindwa. Ni mzaha, lakini wenye hoja nzito: usemi usiofuata sarufi ya shule una kanuni zake na unastahili sikio.

Sasa tumrejee Huck. Katika sura ya 31 anaandika barua ya kumfichulia bibi mwenye Jim mahali alipo mtumwa wake. Mara baada ya kuiandika anajihisi ametakasika. Halafu anaanza kumkumbuka Jim safarini, akiwa mchana na usiku, akimkesha zamu ili apate kulala. Anaichana barua, akiamini kabisa kwamba kwa kitendo hicho atachomwa motoni milele. Dhamiri yake ni sauti ya mji wa Hannibal; ni ile sauti ya mimbari na ya jopo la mwaka 1841. Mwanafunzi anayeandika kwamba Huck anaishinda dhamiri yake mbaya amepata nusu ya hoja. Nusu ya pili ni kwamba Huck hajui kwamba ameshinda. Anajihesabu kuwa ameshindwa, na hapo ndipo kejeli ya riwaya nzima ilipo.

Na Jim? Ushirikina wake upo, lakini tazameni anavyoutumia. Tom Sawyer anapomfanyia mzaha akiwa usingizini, Jim anaugeuza mzaha huo kuwa hadithi ya wachawi inayompa sifa miongoni mwa watumwa wa mbali na karibu. Huyo si mjinga. Huck anapomdanganya baada ya kupoteana katika ukungu, Jim anamkemea kwa heshima iliyojaa uchungu, na Huck anaomba radhi. Tena yuko usiku mmoja akilia kwa kumkumbuka bintiye mdogo, aliyemchapa kwa kutotii amri kabla hajatambua kwamba homa ilikuwa imemfanya kiziwi. Neno "mtiifu" halina mahali pa kumweka mtu huyu.

Sisemi kwamba kitabu hakina kasoro. Sura za mwisho, ambapo Tom anafanya ukombozi wa Jim kuwa mchezo ilhali anajua kwamba Jim amekwisha kuachwa huru, zinamrudisha mtu mzima katika hali ya kikaragosi. Wapo wahakiki wanaozitetea kuwa kejeli juu ya uhuru wa bandia uliofuata vita. Mimi naona mwandishi alichoka. Liko pia neno la matusi kwa watu weusi, linalotokea zaidi ya mara 200. Maktaba ya Concord ilikitupa kitabu mwaka 1885 kwa kukiona kichafu na kisicho na adabu, si kwa ajili ya neno hilo. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa toleo ambalo neno hilo limebadilishwa kuwa mtumwa. Naelewa uchungu wa mwalimu anayelisoma mbele ya watoto weusi, lakini toleo hilo linauosha mji wa Hannibal kabla Huck hajapata cha kushindana nacho.

Miaka iliyofuata ilimpa mali na kumnyang'anya. Alifilisika mwaka 1894 kwa sababu ya mashine ya kupanga herufi iliyomeza fedha zake; akazunguka dunia akitoa mihadhara katika miaka ya 1895 na 1896, na kufikia mwaka 1898 alikuwa amewalipa wadai wake wote. Bintiye Susy alikufa mwaka 1896 babake akiwa ng'ambo.

Kuna kazi moja ya uzeeni ambayo wasomaji wa eneo letu wangepaswa kuijua zaidi. Mwaka 1905 Twain alichapisha kijitabu ambamo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, anazungumza peke yake kuhusu Kongo, nchi aliyoitawala kama shamba lake la mpira. Mapato yalikwenda kwa chama kilichotetea watu wa Kongo. Mfalme anajisifu kwa uchaji wake, anabusu msalaba, anawalaani wamishenari na wapiga picha walioonyesha mikono iliyokatwa, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyojifunga kamba. Mwalimu awaweke Huck na Leopold bega kwa bega ubaoni. Mmoja anajiita mwovu, na matendo yake yanamtoa hatiani. Mwingine anajiita mtakatifu, na kila sentensi yake ni ushahidi wa mashtaka. Mbinu ni ileile, imegeuzwa tu. Leopold aliinyang'anywa Kongo mwaka 1908, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji.

Olivia alifariki mwaka 1904, na binti mwingine, Jean, mkesha wa Krismasi wa 1909. Twain alifuata tarehe 21 Aprili 1910, nyota yenye mkia ya Halley ikiwa imerudi angani kama ilivyokuwa mwaka aliozaliwa. Nusu ya kwanza ya mswada wa Huckleberry Finn, iliyodhaniwa imepotea, ilipatikana mwaka 1990 katika sanduku darini huko Los Angeles, na sasa imeunganishwa na nusu ya pili katika maktaba ya Buffalo, New York. Kurasa zake zimejaa mifuto. Mara kwa mara Twain ameandika maneno yanayofuata sarufi ya shule, akayakata kwa kalamu, akaweka juu yake namna ambavyo Huck angeyasema.