Daktari aliyewadunga wagonjwa wa saratani bakteria

Ukisikia habari za chanjo ya kutibu saratani, mfahamu William Coley, daktari wa upasuaji wa New York, Marekani, aliyezaliwa 1862. Mwaka 1890 alimpokea msichana wa miaka 17 mwenye saratani ya mfupa mkononi. Alimkata mkono, lakini Januari 1891 msichana akafariki. Coley hakutulia. Alipekua mafaili ya hospitali, akakuta mgonjwa ambaye uvimbe wa shingoni ulinywea baada ya kuambukizwa bakteria kwenye ngozi. Akamtafuta mtaa kwa mtaa, akamkuta mzima!

Basi akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria hai (wapo waliokufa), baadaye bakteria waliouawa. Baadhi walipona, wengi hawakupona. Mionzi ilipoingia, tiba yake ikawekwa kando. Alifariki 1936.

Siku hizi watafiti hudunga peptidi, yaani vipande vifupi vya protini vinavyofanana na vya saratani, ili kinga ya mwili imtambue adui. Nyingi bado ziko kwenye majaribio. Kwa hiyo mzazi, ukiuziwa "chanjo ya saratani" mtaani, usimwachishe mwanao dawa za hospitali. Muulize kwanza daktari wake.