Maisha ya Kinjikitile Ngwale, Mtu wa Ngarambe

Watoto wetu shuleni hufundishwa Vita vya Maji Maji kama habari ya ushujaa, na ndivyo ilivyo. Lakini mtu aliyeyatoa maji yale hutajwa upesi tu, kisha hupitwa. Yafaa tumtazame kwa makini, maana habari zake zatuhusu sisi tunaokwenda kanisani.

Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, upande wa kusini wa mto Rufiji, karibu na vilima vya Umatumbi. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Tangu 1898 watu walitozwa kodi ya nyumba, na tangu 1902 walilazimishwa kulima pamba ya serikali kwa ujira mdogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Aliyelegea alichapwa viboko. Watu walio katika dhiki ya namna hiyo humtamani mkombozi, awe nani.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alizama katika maji ya kina, watu wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Tangu hapo alifundisha kwamba watu weusi wote ni wamoja, kwamba wazee waliokufa watarudi, na kwamba dawa yake ya maji itazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Watu wakamiminika Ngarambe kutoka mbali.

Tumtendee haki. Aliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao awali hawakuwa na shauri moja. Tena aliwaambia wangoje neno lake. Wamatumbi hawakungoja. Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Wajerumani walimkamata, wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Kifo chake hakikuzima imani ile. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, na mamia wakaanguka mbele ya bombomu. Maji hayakulaumiwa. Dawa ilikuwa na miiko yake, na aliyekufa ilisemwa kwamba ameivunja. Basi marehemu ndiye aliyebeba kosa, na wengine wakaendelea kunyunyiziwa. Vita vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani walikuwa wamechoma vijiji na maghala, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Damu hiyo ni juu ya wakoloni kwanza. Lakini ahadi ile nayo iliwapeleka vijana kifua wazi mbele ya bunduki.

Tusiseme kwamba hayo yalikuwa ya wapagani wa zamani. Mwaka 1905 haukuwa na kikombe cha Loliondo. Hicho tulikiona sisi, mwaka 2011, Wakristo kwa maelfu wakipanga foleni kwa shilingi 500, na wako walioacha dawa za hospitali. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Walikuwa watu wa kusali, wenye shida za kweli kama Wamatumbi.

Mtume Yohana aliwaagiza Wakristo wazipime roho. Kupima si kukosa imani. Basi kila aletaye maji, mafuta au kitambaa, tumwulize mambo matatu: Je, anawakataza wagonjwa kwenda zahanati? Je, fedha inamwendea nani? Na asipopona mgonjwa, lawama ni ya nani? Akijibu kwamba mgonjwa ndiye aliyepungukiwa na imani, tujue kwamba jibu hilo ni la zamani, nalo limekwisha kuzika wengi.

Tuwaombee wagonjwa wetu bila kuchoka, na tukiisha kuomba tuwasindikize hospitali. Bwana atupe hekima.