Papa Kisolokele, mkubwa aliyemtumikia mdogo


Papa Charles Kisolokele alizaliwa mwaka 1914, Papa Joseph Diangienda mwaka 1918. Mwaka 1921 Wabelgiji walimfunga baba yao, nabii Simon Kimbangu, akafa kifungoni Elisabethville mwaka 1951. Kwa desturi tunazozijua, kiti cha baba ni cha kifungua mimba. Lakini Kanisa liliongozwa na Diangienda, mtoto wa mwisho.

Kisolokele hakuondoka kuunda kanisa lake. Mwaka 1960 alikuwa waziri katika serikali ya Lumumba, ila kanisani alibaki msaidizi wa mdogo wake. Wote wawili walilala katika Bwana mwaka 1992. Sisi tulio wakubwa katika jamaa zetu, tumfuate.