Askofu Edward Steere: Mwalimu wa Wakubwa kwa Wadogo



Safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa Mungu, tunawaletea Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya Kiswahili, maana ni mmoja wa watu waliotangulia kutafsiri Maandiko katika lugha hii. Sisi tumemchagua kwa sababu nyingine. Kanisa alilolilea lilianza na watu waliong'olewa makwao kwa nguvu, watoto, vijana na watu wazima, na wote wakafundishwa. Sisi tuliofukuzwa na vita Palma, Mocímboa da Praia na vijiji vingine, tukakimbilia hapa Quitunda, tuna mengi ya kujifunza kwake.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria, akapata shahada ya udaktari wa sheria akiwa bado kijana, na mwaka 1850 akawa wakili. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi hiyo. Wakati ule alijifunza pia kuchapa vitabu kwa mkono kwa mashine ndogo, jambo ambalo wakili halimhusu. Hakuna aliyejua kwamba Mungu angeitumia kazi hiyo ya mikono kuliko shahada zake.

Mwaka 1856 alipewa ushemasi, na baadaye ukasisi. Mwaka 1858 alimwoa Mary Beatrice Brown. Baadaye akawa mchungaji wa kijiji cha Little Steeping, mashariki ya Uingereza. Rafiki yake William Tozer alipochaguliwa kuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo watu waliiita kwa kifupi UMCA, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi ukawa maisha yake yote yaliyobaki.

MSUMBIJI KWANZA, KISHA ZANZIBAR

Huenda wengi wetu hatujui kwamba mtumishi huyu alianza kazi katika nchi yetu hii. Mwaka 1863 Tozer na Steere walipanda mto Zambezi, wakakaa juu ya mlima Morrumbala. Askofu aliyewatangulia, Charles Mackenzie, alikuwa amekufa kwa homa mwezi Januari 1862, na wenzake kadhaa walikufa pia. Nchi ile ilikuwa imeharibiwa na vita, njaa na biashara ya watumwa. Mwaka 1864 Tozer aliamua kuihamisha misheni. Watu wengi waliona kwamba ni kushindwa, na Dakta Livingstone alikasirika sana.

Wakafika Zanzibar tarehe 31 Agosti 1864. Hawakuwa na kanisa, hawakuwa na mkristo hata mmoja wa kuanzia, na lugha hawakuijua. Tunaotoka katika kijiji kilichoteketezwa tunaelewa maana ya kuanza upya mahali pa ugeni, huku wengine wakisema kwamba umeshindwa.

DARASA LA WATOTO WATANO

Baada ya siku chache, Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano wa kiume, waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa darasa la kwanza. Walikuwa watoto waliochukuliwa kutoka kwa mama zao, na hakuna aliyejua kama wangewaona tena.

Watoto wakazidi kuongezeka, maana manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi ya watumwa. Mwaka 1865 dada yake Tozer, Bibi Helen Tozer, alikuja kuwafundisha wasichana. Shule ya wavulana ikajengwa Kiungani, nje kidogo ya mji. Huko walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu, sala na Maandiko, pamoja na kazi za mikono. Steere aliwafundisha kuchapa vitabu, kama alivyojifunza mwenyewe London. Hivyo watoto waliouzwa kama mizigo wakawa ndio wanaopanga herufi za vitabu vya Mungu.

Mmoja wa wale watano wa kwanza aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 aliwekwa kuwa shemasi.

LUGHA YA WATU WENYEWE

Steere aliona mapema kwamba mafundisho yasiyo katika lugha ya watu hayakai moyoni. Akakaa na wanafunzi wake, akakaa na watu wa mjini, akauliza na kuandika. Mwaka 1865 kurasa za kwanza za maneno ya Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuchapwa Zanzibar. Mwaka 1870 alitoa kitabu kikubwa cha kujifunzia Kiswahili, na mwaka uleule kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Waislamu wasomi wa mjini, naye hakuona haya kuwashukuru kwa maandishi.

Hakuishia hapo. Mwaka 1871 alitoa kitabu kidogo cha maneno ya Kiyao, na mwaka 1876 kingine cha Kimakonde. Ndugu zetu Wamakonde na walijue hili: zaidi ya miaka 140 iliyopita lugha ya bibi zao ilikuwa imekwisha kuandikwa ili Neno liweze kuwafikia.

Tafsiri ya Agano Jipya ilichukua miaka mingi. Alifanya sehemu kwa sehemu, akizisoma mbele ya wanafunzi na kuzisahihisha. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufa, lakini msingi wake ulikuwa kazi hiyo.

SOKO LA WATUMWA LAGEUKA KANISA

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akaja tena Zanzibar mwaka 1872. Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa wakfu kuwa Askofu, badala ya Tozer aliyekuwa amejiuzulu. Mkewe hakuweza kuishi naye Afrika, na hilo lilikuwa msalaba wake ambao aliubeba kimya.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Pale Mkunazini, mahali ambapo watu walikuwa wakipangwa mistari na kuuzwa, misheni ikapata kiwanja. Sehemu ya kiwanja hicho ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi, akiwa na mafundi wa hapohapo, kwa mawe ya matumbawe na saruji. Sultani Barghash, ambaye alikuwa Mwislamu, alitoa zawadi ya saa ya mnara.

Hata kabla kanisa halijasimama, Steere alikuwa akihubiri Mkunazini kwa Kiswahili, na waliotaka kuuliza au kubisha waliruhusiwa. Walikuja wazee wa mjini, wakakaa, wakajadiliana naye. Hilo nalo lilikuwa darasa, la watu wazima wasio Wakristo, na halikuwa na matusi.

MBWENI: WATU WAZIMA WANAFUNDISHWA

Si watoto peke yao waliokombolewa. Walikuwapo wanaume na wanawake wazima, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Hao misheni iliwaweka Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Kila jamaa ilipewa kipande cha ardhi ya kulima na mahali pa kujenga nyumba. Wakafundishwa imani, wakaandaliwa kwa ubatizo, na wengine wakafundishwa ufundi. Shule ya wasichana ilikuwa hapohapo Mbweni. Mwaka 1877 alifika mwalimu Caroline Thackeray, aliyewalea wasichana kwa miaka mingi na kubaki Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926.

Tazameni basi mpango huo. Wavulana Kiungani, wasichana Mbweni, watu wazima shambani na katika darasa la ubatizo, mafundi kwenye ujenzi, wasomi wa mjini Mkunazini. Kila umri ulikuwa na mahali pake, na hakuna aliyeambiwa kwamba amechelewa.

SAFARI YA KURUDI BARA

Steere hakutaka waliokombolewa wabaki pwani milele. Mwaka 1875 alishuka Lindi, akatembea kwa miguu, akavuka mto Ruvuma, akafika Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni mkoa wetu wa Niassa. Alitaka kuona kama watu wanaweza kurudishwa katika nchi walikotoka.

Mwaka 1876 akaondoka tena, safari hii pamoja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, wanaume na wanawake. Walipofika Masasi waliona udongo mzuri na maji, na wengi wakajiona wamekaribia kwao. Wakakubaliana kukaa. Kijiji cha Wakristo kikaanza, na kijana William Percival Johnson akaachwa kuwahudumia. Mwaka uliofuata akafika Chauncy Maples. Mwaka 1878 kazi ikafika Newala, katika nyanda za juu za Wamakonde, na John Swedi alikuwa mmoja wa walioianza. Kazi ya Johnson na Maples ikaendelea baadaye mpaka ziwa Nyasa, na Kanisa la Anglikana la Niassa ni tunda lake.

KIFO CHAKE NA MOTO WA MASASI

Askofu Steere alikufa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, katika ardhi ya soko la zamani.

Haukupita mwezi, msiba mwingine ukaja. Septemba 1882 Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara walivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja wakakimbia tena porini. Wengine walihamia Newala. Baadhi ya waliotekwa walikombolewa baadaye.

Tunaposoma habari hii tunaona kama inatueleza sisi wenyewe siku zile za Machi 2021. Lakini Kanisa la Masasi halikufa. Kwa nini? Majengo yalikuwa yameungua na vitabu vimepotea, ila mafundisho yalikuwa yameingia ndani ya watu. Mama aliyejua sala aliziomba porini. Mwalimu aliyefundishwa Kiungani alikusanya watoto penye kivuli kingine. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa na kusoma Kiungani, akawekwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kazi yake ilikuwa hukohuko karibu na Ruvuma.

MAFUNZO KWETU

Kwanza, mafundisho hayangoji amani. Wapo wasemao kwamba watoto watasoma dini tutakaporudi kwetu. Siku ya kurudi Mungu ndiye aijuaye, ila umri wa mtoto hausimami. Wale watano walifundishwa wakiwa ugenini bila wazazi. Wetu wana wazazi.

Pili, vijana wasipofundishwa na sisi, watapata walimu wengine. Waliochoma vijiji vyetu walianza kwa kuwakusanya vijana wasio na kazi na kuwafundisha chuki. Tunaomba kila kijana ajuaye kusoma apewe watoto wachache wa kuwafundisha. Anayefundisha hujifunza mara mbili.

Tatu, mama, baba na wazee wasione aibu kukaa darasani. Wengi wetu tulikimbia bila Biblia wala kitabu cha sala. Asiyejua kusoma na ashike kwa moyo Sala ya Bwana, Imani ya Mitume na Amri Kumi. Hayo hakuna awezaye kuyachoma.

Nne, tufundishe katika lugha inayoeleweka. Watoto wetu husikia Kireno shuleni, nyumbani Kimakonde, Kimwani au Kimakuwa, na Kiswahili sokoni. Mwalimu wa Shule ya Jumapili atumie lugha ambayo mtoto huitumia anapomlilia mama yake.

Tano, tuishi vema na jirani zetu Waislamu. Wengi wao walikimbia pamoja nasi, wakapoteza ndugu kama sisi. Steere alihubiri Injili bila woga, na bado aliketi na Waislamu, akajifunza kwao na kuwashukuru.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani hajui Sala ya Bwana, na ni nani atamfundisha juma hili?
2. Watu wa Masasi walibaki na nini baada ya moto? Sisi tulibaki na nini?
3. Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Je, saa gani ya siku inafaa kwa mafundisho ya jamaa yetu?

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake Edward, na kwa wale wote waliofundishwa naye ambao majina yao hayakuandikwa. Bwana awatie nguvu walimu wa Shule ya Jumapili, awalinde watoto wetu, na atufikishe sote kwetu kwa amani. Amina.